Mradi Uanze kwa Mnunuzi

Kabla hujatoa akiba ya karo kuanzisha biashara, usijiulize tu, "Naweza kupika nini?" Jiulize, "Jirani zangu wana shida gani?"

Mwaka 2005 nchini Kenya, M-Pesa ilijaribiwa kwanza ili wakopaji walipe mikopo yao kwa simu. Lakini watu wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao. Kampuni ikaliona jambo hilo, na mwaka 2007 ikafungua huduma ya kutuma pesa nyumbani. Haja ya watu ndiyo iliyoonyesha njia.

Nawe fanya vivyo hivyo. Ukifikiria maandazi, waulize akina mama watano: Watoto hula nini asubuhi? Hununua wapi, kwa bei gani? Wanalalamikia nini? Pengine maandazi yamejaa mtaani, ila uji wa moto alfajiri haupatikani.

Kisha pika kidogo kwa juma moja, ukiandika gharama na mauzo. Usihesabu sifa, sifa hazilipiwi. Hesabu waliorudi kununua tena. Wakirudi na faida ikabaki, ongeza. Wasiporudi, umepoteza kilo chache za unga, na karo ya watoto ingalipo.