Sheki ya rehani isitupeleke kasho

Vijana wenzetu,

Wanatuambia kila siku: acheni kungojea kazi, mufungue kampuni. Sawa. Kijana anafungua, anapeleka bidhaa kwenye ofisi moja, anangojea malipo miezi na miezi. Njaa inamsukuma kwa wakopeshaji wa mtaani, wale tunaita "Banque Lambert". Anachukua dola 100, arudishe 150 mwisho wa mwezi. Na mkopeshaji anamwambia: nisainie sheki, usiweke tarehe. Anajua vizuri kama konti iko tupu. Ndiyo maana anaiomba!

Deni peke yake haifungi mtu. Mapatano ya kimataifa juu ya haki za kiraia na kisiasa, kifungu 11, inakataza, na Kongo iliyakubali tangu 1976. Lakini kutoa sheki bila feza ni kosa la jinai: ni gereza na faini. Kwa sahihi moja tu, mdaiwa anageuka mhalifu.

Hatutetei mwizi mwenye anabeba mali ya watu kwa sheki ya uongo. Huyo ashtakiwe. Lakini OPJ si mkusanya madeni, na Katiba, kifungu 18, inamupa saa 48, si wiki mbili mpaka mama auzishe kitanda.

Tunadai parke iulize mbele ya kufunga mtu: hii sheki ilikuwa ya kulipa, ao ya rehani?

Na wewe, ukiambiwa usaini bila tarehe, kataa. Kama umeshasaini, lipa kidogo kidogo, omba risiti kila mara, na siku ya mwisho usitoke mule bila sheki yako mkononi.