Chombo chepesi kwa anayeanza kutengeneza katuni

Ndugu mwandishi, nikiwa hapa Mbugani, Kyela, naafiki sehemu kubwa ya makala yako kuhusu utengenezaji wa katuni, ila pale unapomshauri mwanafunzi aanzie Blender rai zetu zinahitilafiana. Sikanushi fadhila za programu hiyo, ambayo msimbo wake ulifunguliwa kwa umma mwaka 2002, na ambayo kwayo ilitengenezwa Flow, filamu ya Latvia iliyotunukiwa Oscar mwaka 2025. Lakini wingi wa vitufe vyake humtia mgeni wahaka kabla hajajua hata namna mpira unavyodunda. Huyo programu ya kuchorea ya Pencil2D yamtosha, nayo ni ya bure na haielemei kompyuta kuukuu.

Chombo chochote atakachoshika, ajue kuwa sinema huenda kwa picha 24 kila sekunde, na kwa kuwa kila mchoro waweza kuonyeshwa mara mbili, michoro 12 huliridhisha jicho. Hata hivyo dakika moja hudai michoro 720, hesabu ambayo wengi huitambua wakiwa wamekwisha kutunga kisa cha nusu saa! Asiye na kompyuta, nasi huku tu wengi, atwae udongo, kama ule wafinyangao vyungu kina mama wa kijiji cha Ikombe, aumbe sungura, amsogeze kidogo kidogo na kumpiga picha kwa simu iliyofungwa imara.

Sauti umeisahau kabisa, ilhali katuni ya Ubongo Kids, iliyoanza kuonyeshwa nchini mwaka 2014, hufundisha hisabati kwa nyimbo. Hapa petu, masika yakishaliangukia bati, hakirekodiwi kitu; yafaa maneno yanaswe mapema, kisha michoro ifuate midomo.