Umeme Barabarani: Betri ni ya Nani?

Mada ya magari ya umeme imekwisha kuingia darasani. Mtahiniwa hukutana nayo katika mdahalo, katika ufahamu na hata katika insha, na aghalabu hoja huwa zile zile. Upande wa kuunga mkono hutaja moshi na mabadiliko ya tabianchi. Upande wa kupinga hutaja bei na kukatika kwa umeme. Kisha kengele inalia na kila mtu anaenda zake na msimamo aliokuja nao. Makala haya yana msimamo, na ni huu: Kenya inafaa kuhama kutoka petroli, ianze na boda boda na matatu wala si gari la mtu binafsi, na mapema iwezekanavyo sheria iamue betri ni ya nani.

Kwanza mfuko. Kiwanda cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013. Tangu hapo kila lita ya petroli tunayotumia hushushwa Mombasa ikiwa tayari imesafishwa ng'ambo, nayo hulipiwa kwa dola. Dola zilipoadimika, serikali iliingia mkataba mwezi Machi 2023 na kampuni za Saudia na za Milki za Kiarabu ili mafuta yaletwe kwa mkopo. Septemba mwaka huo huo lita moja ya petroli jijini Nairobi ilipita shilingi 200. Nauli ikapanda, bei ya sukumawiki ikapanda, na mwenye kuuza mandazi kando ya njia akayapunguza ukubwa. Mnunuzi hakuwa na la kufanya, maana bei ya mafuta katika soko la dunia haiamuliwi hapa.

Umeme wetu, kinyume chake, tunaufua wenyewe kwa kiasi kikubwa. Takriban sehemu tisa kwa kumi zinatokana na mvuke wa ardhini kule Olkaria, maji ya mto Tana, upepo wa Marsabit na miale ya jua. Tena kuna jambo ambalo wachangiaji wengi wa mdahalo hawalitaji: usiku wa manane, viwanda vikiwa vimefungwa na watu wamelala, mahitaji ya umeme hushuka hata baadhi ya mvuke wa Olkaria huachiliwa hewani bila kuzungusha mtambo wowote. Ni mali inayomwagika. Betri zikichajiwa saa hizo, mvuke huo unabeba abiria asubuhi. Ndiyo sababu bei maalum ya umeme wa vyombo vya usafiri, iliyoanza mwaka 2023, hupungua kwa nusu nyakati ambazo matumizi ni madogo.

Mwanafunzi wa Fizikia naye ana hoja yake tayari, kama atakumbuka somo la ufanisi wa mashine. Injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya nishati yake kama joto, na ni robo tu hivi inayofika kwenye magurudumu. Mota ya umeme hufikisha zaidi ya robo tatu.

Hata hivyo, mgala muue na haki yake umpe. Wanaopinga hawasemi uongo. Mnamo tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipotea karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukakaa gizani. Nani atakubali kazi yake itegemee waya wa namna hiyo? Jibu langu ni kwamba pampu za petroli nazo huendeshwa kwa umeme, na kituo kisicho na jenereta hufunga siku hiyo hiyo. Betri iliyochajiwa jana, kwa upande wake, bado ina umeme leo. Hoja ya giza ina uzito, ila inazibana pande zote mbili.

Hoja ninayoiona nzito zaidi ni ya gari la familia. Wakenya wengi hununua magari yaliyokwisha kutumika, hasa kutoka Japani, na sheria huruhusu yasiyozidi miaka minane tangu kusajiliwa. Injini ya petroli ya miaka saba, ikitunzwa, bado ina maisha marefu. Betri ya miaka saba ni habari nyingine: huwa imepoteza sehemu ya uwezo wake wa kuhifadhi umeme, na mnunuzi hawezi kulijua hilo kwa kuitazama. Gari lililokwenda kilomita 200 likiwa jipya huenda likafika nusu ya safari hiyo likiwa Nakuru. Norwe ilifaulu kufanya takriban magari tisa kwa kila kumi mapya yaliyouzwa mwaka 2024 yawe ya umeme, lakini ni nchi tajiri, na kwa miaka mingi iliyatoza magari ya petroli kodi nzito huku ikiyasamehe ya umeme. Ethiopia ilipiga marufuku uingizaji wa magari ya petroli mwaka 2024. Ni uamuzi wa kishujaa, ila sisi tukiuiga kesho, tutakuwa tumemfungia mlango mwalimu na muuguzi waliotarajia kununua gari lao la kwanza.

Ndiyo maana nasema tuanze na boda boda. Pikipiki hushinda barabarani kutwa, kwa hiyo kila shilingi inayookolewa kwenye mafuta huonekana jioni ile ile. Tuchukue mfano: mhudumu anayetumia lita tatu za petroli kwa siku, lita ikiwa shilingi 180, hutoa shilingi 540 kabla hajanunua chai. Kwa umbali huo huo pikipiki ya umeme hutumia yuniti chache tu, na haina oili ya kubadilishwa wala plagi. Zaidi ya hayo, mhudumu hahitaji kungoja betri ijae. Huingia kituoni, huacha iliyokwisha, huchukua iliyojaa na kuondoka katika dakika chache. Rwanda imeuona mwanga huu: kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria jijini Kigali husajiliwa tu zikiwa za umeme.

Hapa ndipo swali la kichwa cha makala linapoingia. Mara nyingi mhudumu hununua pikipiki bila betri. Betri hubaki mali ya kampuni, naye huilipia kila anapoibadilisha. Bei ya kuanzia hupungua kwa mpango huu, na hilo ni jema. Lakini betri ya kampuni moja haiingii katika pikipiki ya nyingine. Kampuni ikipandisha bei, mhudumu hana pa kukimbilia. Ikifunga vituo vya mji wake, amebaki na chuma. Mwenye pikipiki ya petroli akikasirishwa na kituo kimoja, huvuka barabara na kuingia kingine. Tutakuwa tumemtoa mtu kwenye utumwa wa dola na kumtia kwenye utumwa wa mtu mmoja aliye karibu zaidi.

Jambo hili tumewahi kulikabili jikoni. Zamani kila kampuni ya gesi ya kupikia ilikuwa na mtungi wenye kichwa chake. Ukinunua mtungi wa kampuni fulani, umefunga ndoa nayo. Kanuni za mwaka 2009 zikaamuru vichwa vifanane na kampuni zibadilishane mitungi. Mama wa Eldoret akaweza kupeleka mtungi wowote kwa duka lolote. Ni kweli kwamba baadaye walijitokeza wajanja wa kujaza mitungi ya wenyewe kichinichini, na kanuni za mwaka 2019 zikaondoa ulazima wa kubadilishana. Funzo la hapo linafaa sana kwa betri: kufanana kwa umbo na plagi kuwe kwa lazima, lakini kila betri iwe na alama inayoonyesha mwenyewe ni nani, ili inapochakaa au kulipuka ajulikane wa kuwajibika.

Zipo kampuni zinazosema ni mapema mno kuweka viwango, eti vitaua ubunifu. Siafikiani nazo. Pikipiki zikiwa chache, kubadilisha plagi ni gharama ndogo. Zikishakuwa laki kadhaa, kila kampuni itakuwa na sababu ya kukataa na mawakili wa kuitetea.

Kuhusu mafundi wa barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, wanaoishi kwa pistoni na kabureta, nitasema kwa ufupi tu: vyuo vya ufundi vianze kuwafunza sasa, kwa ada wanayoimudu, na waliojifunza kazi chini ya mwembe wapewe nafasi bila kuulizwa cheti.

Limebaki suala moja linalokwepwa na pande zote. Kila lita ya petroli hukatwa ada ya ukarabati wa barabara, shilingi 25 tangu Julai 2024. Pikipiki ya umeme hailipi hata senti, ilhali hupita kwenye lami ile ile. Siku vyombo vya umeme vitakapokuwa vingi, fedha hizo zitatafutwa kwingine, na pengine zitawekwa kwenye yuniti za kuchaji au kwenye usajili. Mhudumu anayepiga hesabu ya faida leo anapaswa kuambiwa ada hiyo itakuwa kiasi gani na itaanza lini, kabla hajatia sahihi mkopo wa pikipiki wa miaka miwili.