Kona ya Safari: Madaraja ya Milimani

Mwaka huu nawaletea habari za Uswisi, tulikokwenda majira ya joto mimi, dada yangu na vijana wetu sita, kutembea juu ya madaraja yaning'iniayo milimani.

Nianze na Titlis, juu ya mji wa Engelberg, maana hapo wazee pia wanafika. Unapandishwa kwa gari la waya mpaka juu, huna haja ya kukwea. Daraja lilifunguliwa Desemba 2012. Liko mita 3,041 juu ya bahari, urefu wake kiasi cha mita 100, upana mita moja tu, na chini yake kuna shimo la mita 500. Dada yangu, mwenye miaka 72, alishika nyaya za pembeni, akatazama mbele, akavuka. Vijana wawili walibaki mlangoni wakisema wanalinda mikoba.

Wenye magoti mazima waende Randa, karibu na Zermatt. Daraja la kwanza la hapo, la mwaka 2010, liliharibiwa na mawe yaliyoporomoka. La sasa, lililofunguliwa Julai 2017, lina urefu wa mita 494 na upana wa sentimita 65, hata wawili wakikutana hupishana kwa ubavu. Limewekewa mtambo wa kupunguza kuyumba, lakini linayumba bado. Msikanyage kwa hatua moja kama askari wa gwaride, mtalitikisa zaidi.

Lililonikaa moyoni ni daraja la Trift. Zamani wapanda milima hawakuhitaji daraja hapo. Bonde lilijaa barafu, nao wakikanyaga barafu hiyo hiyo kwenda kwenye nyumba ya kupumzikia iliyo ng'ambo. Joto likazidi, barafu ikayeyuka na kurudi nyuma, njia ikapotea na mahali pake pakawa ziwa. Ndipo mwaka 2004 wakatundika daraja, kwa mfano wa yale ya Nepal, na mwaka 2009 wakajenga hili la sasa, refu mita 170, likipita mita 100 juu ya bonde.

Vijana walikuwa wakicheka na kupiga picha. Nikawaonyesha ziwa, nikawaambia: hapo chini watu walikuwa wakipita kwa miguu, wala si zamani za mababu, ninyi wakubwa mlikuwa mmekwisha zaliwa. Wakanyamaza kidogo, kisha mdogo wao akauliza kama Kilimanjaro nako ni hivyo. Ndiyo, nako ni hivyo. Tangu 1912 barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Kwa hiyo, jamaa zangu, wenye watoto na wajukuu msiahirishe. Wapelekeni Uswisi mkiweza, na mkienda nyumbani msiishie pwani, wafikisheni Moshi wautazame mlima asubuhi kabla ya mawingu. Vaeni viatu vyenye soli ya kushika, chukueni nguo nzito hata Julai, na ulizieni hali ya hewa kwanza, maana upepo ukizidi njia hufungwa.

Tukijaaliwa, mwakani tutaonana ukurasa huu huu. Wasalimieni wazee wote.