"Kajenge Yako": Jeuri ya Koridoni

Mwambie jirani aondoe sofa lake koridoni, jibu liko tayari mdomoni: "Kama hutaki kubanana, kajenge yako." Jibu hilo limezoeleka katika nyumba za kupanga za Mafiga, Morogoro, na wengi huliona kuwa la haki kabisa. Korido ni ya wote, wanasema, kila mtu aweke chake, tuvumiliane. Anayelalamika ana roho mbaya au anaringa. Imani hiyo haina ukweli, na wanaoitetea kwa sauti kubwa ndio wanaofaidika nayo.

Nyumba yenyewe kila mtu anaijua. Mlango wa mbele, korido katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, halafu uani kwenye choo, bafu na mahali pa kupikia. Ramani hiyo ilitoka pwani ikasambaa bara, hasa katika miji iliyokua kandokando ya reli kama Morogoro, ambako reli ilifika mwaka 1907. Ukoo mmoja ukiishi humo, yupo mzee wa kuamrisha kitu kitolewe na kikatolewa. Wakiishi wapangaji sita wenye mikataba sita, hakuna wa kumwamrisha mwenzake.

Ingia katika nyumba ya namna hiyo saa tatu usiku. Pikipiki imelala karibu na mlango wa mbele. Usukani wake, wenye upana wa karibu sentimita 80, umemeza nusu ya njia ambayo mara nyingi haizidi mita moja na nusu. Mkabala wake kuna friji lililokufa kompresa, siku hizi ni kabati la viatu. Madumu ya maji yamejipanga ukutani, kwa sababu mitambo ya kusafisha maji ya Bwawa la Mindu iko hapohapo Mafiga, lakini mgao ukibisha hodi, bomba la jirani wa mitambo nalo hukauka. Kitanda cha mwanafunzi wa chuo kikuu cha SUA aliyekwenda likizo kimesimamishwa wima mbele ya swichi kuu ya umeme. Anayetaka kwenda chooni anapita ubavu ubavu, tochi ya simu mkononi.

Hiyo ndiyo "ya wote" inayotetewa. Mpangaji analipa kodi ya chumba pamoja na njia ya kukifikia. Chumba kisichofikika hakina bei. Mwenye sofa, friji na pikipiki analipa sawa na mama wa chumba cha nyuma mwenye ndoo mbili, lakini yeye amejiongezea chumba cha pili bila kulipa senti. Nafasi hiyo haikutoka hewani, imekatwa kwa mama wa watu anayetoka alfajiri na beseni la maandazi kichwani, kwa mzee wa fimbo na kwa mtoto anayejifunza kutembea. Kuwaambia hao wavumilie ni kuwataka walipie stoo ya mtu mwingine.

Sheria nayo haiko upande wa wenye sofa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mwenye nyumba amwachie mpangaji atumie alichopanga kwa amani, hata kama mkataba hausemi hivyo. Kwa maghorofa yenye wamiliki wengi, sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo inaziweka korido na ngazi kuwa mali ya pamoja. Mali ya pamoja maana yake hakuna mmoja anayeweza kujimegea kipande akakifanya chake.

Kisha kuna moto. Vyumba vingi vya kupanga vina nondo madirishani kuzuia wezi, kwa hiyo njia ya kutoka ni moja tu: mlango, halafu korido. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Ukivuja kwenye tangi la pikipiki hutambaa sakafuni, kimya, kuelekea kwenye jiko la mkaa. Gesi ya mtungi nayo hutambaa vivyo hivyo, na mitungi itaongezeka: mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Sponji ya sofa na godoro ikiungua hutoa moshi wenye sumu, unaoweza kumwangusha mtu kabla hajauona mwali.

Agosti 31, 2023, jengo la ghorofa tano katika Mtaa wa Albert, Johannesburg, liliungua na kuua watu 76, Watanzania wakiwamo. Ndani lilikuwa limekatwakatwa vijichumba kwa vitu vinavyoshika moto haraka, na baadhi ya miili ilikutwa kwenye geti lililofungwa. Nyumba ya Mafiga haina ghorofa, lakini moshi hauhitaji ghorofa. Na zimamoto wakipigiwa 114 wakafika, wataingia kwa korido ileile yenye pikipiki.

Watetezi husema hakuna pengine pa kuweka. Msiba huwaumbua. Mpangaji akifiwa, korido husafishwa ndani ya nusu saa: sofa huenda uani, kitanda kwa jirani, pikipiki chini ya mwembe. Nafasi ilikuwepo siku zote.

Dereva wa bodaboda ana hoja nzito zaidi. Pikipiki ya mkataba ikiibwa nje, deni linabaki shingoni mwake. Hilo ni kweli, lakini dawa yake ni banda la nondo uani, au kuilaza kwa mlinzi kwa malipo kidogo, kama wenzake wengi wanavyofanya mjini.

Banda hilo anapaswa kulijenga mwenye nyumba, na hapo ndipo mnufaika mkuu anapoonekana. Ni yeye aliyegeuza stoo kuwa chumba cha saba, anayechukua kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kisha anawaacha wapangaji wapelekane kwa mjumbe kugombea friji bovu. Wakitupiana "kajenge yako", yeye hatajwi.

Mikataba mingi ya kupanga hupelekwa ofisi ya serikali ya mtaa kugongwa muhuri. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kudai mstari mmoja uongezwe kabla ya muhuri: korido ibaki wazi kuanzia mlango wa mbele hadi uani, na mwenye nyumba aonyeshe pa kuweka mizigo. Asiye na pa kuonyesha arudishe stoo aliyoipangisha, au apunguze kodi ya vyumba vyote.