Mwajiri wa Ng'ambo Asiye na Mlango

Wako vijana katika miji yetu ambao huanza kazi wakati jirani zao wanatandika vitanda. Hawalindi mabohari wala hawaoki mikate. Wanaandika programu za kompyuta kwa makampuni ya Marekani, na ujira wao huja kwa dola. Saa tatu ya asubuhi huko San Francisco ni saa moja ya usiku hapa kwetu wakati wa kiangazi chao, na saa mbili wakati wa baridi yao. Basi mwenye kufuata saa za ofisi ya huko humaliza zamu yake majogoo yakikaribia kuwika.

Kazi hii ni njema. Twasema hivyo mapema, maana wapo wenzetu wanaodai ya kuwa kijana wa namna hii amejiuza kwa wageni. Zamani wanaume wa Mbeya walichukuliwa na shirika la WENELA kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini, wakaacha wake na mashamba, na wengine hawakurudi. Serikali ya Tanganyika huru ilikomesha jambo hilo, na ilifanya vyema. Kijana wa leo analala nyumbani kwake, ananunua unga katika duka la mtaa wake, na fedha ya kigeni inaingia nchini bila hata gunia moja la korosho kupakiwa melini. Kosa lake liko wapi?

Shida imo katika mkataba. Mara nyingi mkataba haumwiti mfanyakazi. Humwita mkandarasi wa kujitegemea, kana kwamba ni fundi aliyekuja kuziba paa na kwenda zake. Kwa neno hilo moja huondoka likizo ya siku 28 kwa mwaka, likizo ya uzazi ya siku 84, notisi, nyongeza ya kazi za usiku, na mchango wa mwajiri katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ikadhoofika nchini, mwenye kulipwa kwa saa alibeba hasara hiyo peke yake.

Je, huyu ni mkandarasi kweli? Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, yasema kwamba mtu huhesabiwa kuwa mwajiriwa, hata mkataba ukiandikwa vipi, mpaka ithibitishwe vinginevyo, likiwapo hata jambo moja tu katika haya: kazi yake kuongozwa na mwingine, saa zake kupangwa na mwingine, kupewa vyombo vya kazi, kumtegemea huyo kwa riziki, au kumfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu. Vijana wengi tunaowazungumza wanayo karibu yote.

Lakini sheria yahitaji mtu wa kushitakiwa, na mwajiri huyu hana ofisi wala kibao mlangoni. Mkataba nao husema shauri litaamuliwa kwa sheria ya kwao. Nani mwenye nauli ya kwenda California kudai mshahara wa miezi miwili? Kwa sababu hiyo twaitazama Kenya kwa makini. Mnamo Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya huko iliamua kwamba kampuni ya Meta yaweza kushitakiwa Kenya na wachujaji wa picha na maneno waliofanya kazi Nairobi, ingawa haikuandikishwa nchini humo. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, wala watu wale hawakuwa waandishi wa programu. Hata hivyo mlango umepatikana.

Watu wenye hofu watasema: mkiwabana watahamia kwingine. Hofu hiyo si ya bure. Lakini mnamo Septemba 2019 kampuni ya Andela iliwaachisha kazi mamia ya vijana wachanga wa fani hii huko Nigeria, Kenya na Uganda, na hakuna sheria kali iliyoifukuza. Wateja wake walitaka watu wenye ujuzi mrefu zaidi. Unyonge haukuwaokoa.

Vijana nao wana wajibu. Mkazi wa nchi hii hutozwa kodi kwa mapato yake popote yatokapo, na dola ya San Francisco haina msamaha. Tena Mfuko wa Hifadhi ya Jamii humpokea mwenye kujiajiri. Asingoje uzee kuugundua.

Vyama vya wafanyakazi vimezoea kuhesabu wanachama kwenye lango la kiwanda, na watu hawa hawana lango. Basi vianze kwa kuwaita walete mikataba yao isomwe na wanasheria wa vyama, kifungu kwa kifungu. Wafanyakazi 20 watosha kisheria kuunda chama. Serikali nayo iyatake makampuni yenye kuajiri hapa kwa njia ya waya yamtaje wakala aliye nchini, atakayepokea hati za madai kwa niaba yao.