Gari Limetoka kwa Fundi, Mbona Taa Zinafifia?

Akina mama wenzetu, wapo bado wanaosema kwamba mambo ya gari ni ya baba na fundi wake. Lakini gari likizimika njiani saa mbili usiku, watoto watatu wamelala kiti cha nyuma, aliyeshika usukani mara nyingi ni mama. Basi mwezi huu tuzungumze habari za umeme wa gari, hasa yale maradhi yanayoanza baada ya gari kutoka gereji.

Magari yetu mengi yalitumika kwanza Japani ndipo yakatufikia. Nyaya zake ni za siku nyingi na plastiki zake zimekaushwa na joto la injini. Fundi anapofungua injini huzisogeza nyaya ambazo hazijaguswa kwa miaka. Waya ukikatikia ndani ya ganda lake, kwa nje utaona mzima kabisa.

Sisi wauguzi tumefundishwa kwamba mgonjwa aliyetoka kupasuliwa akipandisha homa, tutazame kidonda mapema. Kwa gari pia, swali la kwanza liwe hili: ni nini kilichoguswa?

Mama mmoja wa jumuiya yetu aligongwa nyuma. Gari likanyooshwa, likapakwa rangi, likapendeza. Wiki hiyo hiyo akikanyaga breki, taa za indiketa nazo zinawaka kwa kufifia. Akaambiwa anunue betri. Akanunua, kwa pesa aliyokuwa ameitenga kwa ada ya shule. Hali ikabaki ile ile. Akaambiwa altaneta imekufa. Hapo akasita, akamtafuta fundi wa umeme wa magari. Yule alifungua skrubu moja nyuma ya taa, akakwangua rangi iliyokuwa chini yake, akaikaza tena. Kazi ikaisha.

Sababu yake ni rahisi. Umeme hutoka betri kwa nyaya, lakini kurudi kwake hupitia bodi ya chuma. Mahali waya unapofungwa kwenye bodi mafundi hupaita ethi. Rangi au kutu vikiingia hapo, umeme hukosa njia na kujipitisha kwenye taa ya jirani. Ndiyo maana taa moja ikiwaka na nyingine humeta bila kuitwa. Ukiona hivyo, usikubali haraka kununua betri. Injini nayo ina waya wake mnene wa ethi. Ukisahauliwa baada ya injini kushushwa, gari huwaka kwa shida, na nyaya nyembamba zisizohusika hupata moto.

Betri hupimwa, haikisiwi. Mwombe fundi alete mita. Gari likiwa limepumzika usiku mzima, betri nzima iliyojaa huonyesha kama volti 12.6. Injini ikiunguruma, ipande hadi kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Isipopanda, hapo ndipo pa kuishuku altaneta, au mkanda wake, au waya wake ambao haukurudishwa vizuri. Lakini wako mafundi wanaopima altaneta kwa kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwa inawaka. Mkatalie kabisa! Umeme huruka ghafla na unaweza kuunguza kompyuta ya gari, ambayo bei yake itakuliza.

Kama betri inakufa usiku tu, tazama vitu vidogo: taa ya buti isiyozima, redio au alamu iliyofungwa juzi na nyaya zake kuunganishwa kwa gundi ya utepe.

Sasa fyuzi. Hii tunaomba uisome mara mbili. Fyuzi huungua ili waya usiungue. Rangi zake zina maana: nyekundu ni ya ampea 10, buluu 15, njano 20, kijani 30. Ikiungua, weka ya rangi ile ile. Ikiungua tena, kuna hitilafu, itafutwe. Anayeweka ya kijani mahali pa nyekundu, au kipande cha waya, au karatasi ya sigara, ameondoa kinga, na waya utawaka moto ndani ya dashibodi. Tumewahudumia wodini watu walioungua, na hatupendi kuwaona watoto wenu pale. Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, simama, zima injini, toa watoto kwanza, nendeni mbali na gari. Moshi ukitoka kwenye boneti usiifungue; hewa huchochea moto.

Ukimrudia fundi, nenda siku ile ile, wala usimpeleke mwingine akafungue juu ya kazi ya wa kwanza. Usianze kwa ugomvi, maana fundi aliyeaibishwa mbele ya vijana wake hatafuti hitilafu, anatafuta maneno. Mweleze kwa utaratibu: lilianza lini, hutokea breki ikikanyagwa au mvua ikinyesha, na kabla ya matengenezo halikuwapo. Simama karibu anapofungua. Akimaliza, washa taa zote, honi, waipa na indiketa ungali pale, kabla hujalipa. Na risiti iandikwe kila kilichofunguliwa, siyo jumla ya pesa peke yake.